Macho Hayana Pazia: Mwongozo Kamili kwa Aliyeona Siri Isiyomhusu

Alikuja saa mbili kasoro asubuhi, kabla sijamaliza kufagia kibaraza. Shati la kudarizi, flashi imefungwa kwenye kamba moja na funguo za pikipiki. Alitaka fotokopi kumi za muhtasari wa mkutano wa kijiji, halafu "kitu kidogo tu, kaka: sahihi za ukurasa huu uziskani, uzihamishie kwenye huu mwingine." Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa kikao cha kuchimba kisima. Wa pili ulikuwa wa kuuza shamba. Wajumbe ni wale wale, na katikati ya majina palikuwa na dole gumba la mzee mmoja, wino wa bluu umetapakaa pembeni kama la mtu aliyebonyeza huku mkono unatetemeka. Dole hilo nalo nilitakiwa kulihamishia kwenye shamba.

Nilimwambia skana imeharibika. Akachukua flashi yake akaondoka. Kwa siku nne zilizofuata nilikosea karibu kila kitu, na mwongozo huu umetokana na makosa hayo, pamoja na niliyoyajua baadaye nikiwa kwenye benchi la polisi na la mahakama.

Nimeuandika nikiwafikiria watu wanaoona bila kutafuta: dada wa kazi, mlinzi wa getini, bodaboda, wakala wa pesa, mfanya usafi wa ofisi, na sisi wa steshenari ambao mji mzima unatuletea karatasi zake. Dodoma ina siri nyingi kuliko ukubwa wake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini watu wenyewe walianza kumiminika baada ya 2016. Wengi wamepanga Ilazo, Area D, Nkuhungu, familia zimebaki Dar es Salaam. Na tangu treni ya SGR ianze kufika huku 2024, mke anaweza kupanda asubuhi Dar akagonga geti kabla ya chakula cha mchana. Anayefungua geti ni mlinzi. Mwacheni mlinzi naye apate mwongozo.

Hatua ya 1: Endelea na ulichokuwa unafanya

Mwenye siri hana kipimo kingine cha kujua umeona kiasi gani isipokuwa uso wako. Kama ulikuwa unafagia, fagia. Kama ulikuwa unapita na ndoo, pita na ndoo. Usiulize "kuna nini hapa?", usicheke, usitoe simu mfukoni hata kama ni kwa ajili ya kuangalia saa. Ukilazimika kusema kitu, sema la kazi: karatasi zimeisha, umeme unasumbua, nimefuata ufunguo. Kisha toka kwa njia uliyoingilia.

Hapo mimi sikukosea. Skana iliyoharibika ni uongo mzuri, haumtuhumu mtu na haumpi sababu ya kubishana.

Pana hali moja tu ambayo hatua hii haifai: mtu anapoumizwa mbele yako wakati huo huo. Hapo hakuna siri tena. Piga yowe majirani watoke, piga 112, na usijifanye shujaa peke yako mbele ya mwenye panga.

Hatua ya 2: Jiulize siri hii ni ya nani

Watu wengi huanza na swali la kama jambo ni baya au zuri. Hilo litakuchelewesha, maana ubaya wa jambo unategemea umelelewa wapi. Anza na mwenyewe. Siri nyingi zina mwenyewe halali, na kazi yako kwake ni ndogo sana: kunyamaza.

Majibu ya kipimo, barua ya talaka, mkataba wa mkopo, cheti cha mtoto chenye jina la baba mwingine: hizo ni za mwenye karatasi. Hata ukimwonea huruma kiasi gani, huna cha kumfanyia zaidi ya kuprinti, kufuta faili mbele yake na kumrudishia chenji. Nimeshaona binti akileta majibu yake ya hospitali kwa WhatsApp, nayo yakabaki kwenye kompyuta ya duka mpaka mteja wa tatu baada yake akayaona kwenye skrini. Hilo halikuwa kosa la mteja wa tatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtazama pia mfanyabiashara mdogo anayeweka taarifa za watu, lakini hata bila sheria, ungependa majibu yako yafike soko la Majengo kabla yako?

Mume wa mtu na mwanamke asiye mkewe nao waingie fungu hili. Najua haipendezi. Mlinzi akiulizwa na mke aliyeshuka kwenye treni, jibu lake ni "mama, mimi nafungua geti tu, muulize baba mwenyewe." Jibu hilo halina uongo ndani yake, na halimgeuzi mlinzi kuwa shahidi wa ndoa ya watu.

Halafu kuna siri za mila. Ukipanda milima ya Kolo kule Kondoa kuangalia michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO 2006, unaweza kukuta wazee wamekuja kutambika kwenye pango la Mungomi kuomba mvua. Kwao pale ni mahali pa ibada. Rudi nyuma, usipige picha, subiri mpaka wamalize. Vivyo hivyo ukikatiza pori la Ugogo wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ukaangukia kambi ya jando. Geuka kwa njia ile ile. Mzee akikuona, msalimie "Mbukwa", mwambie umepotea njia, naye atakuonyesha ya kutokea. Ulichokiona kibaki porini.

Lakini usichanganye hilo na hili linalofuata, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni la mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wamekeketwa. Sheria ya 1998 iliyoweka adhabu ya kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano kwa kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ilifanya kitu ambacho hakikutarajiwa: ngoma zikanyamaza, na kazi ikahamia kwa watoto wachanga, ndani ya nyumba, bila mgeni. Jina linalotumika ni lawalawa. Mtoto wa kike akiwashwa au akilia anapokojoa, ambayo mara nyingi ni maambukizi yanayotibika kwa dawa na usafi, anasemwa ana lawalawa na dawa yake ni kukatwa. Kwa hiyo dada wa kazi au jirani aliyekwenda kuazima ungo anaweza kufungua mlango akamkuta bibi, kichanga, beseni la maji ya moto na kitambaa chenye damu. Watamwambia "mambo ya wanawake hayo, ni mila." Hiyo siri ina mwenyewe mmoja tu mle chumbani, naye hajui kusema. Kama damu inatoka, kwanza afike hospitali, mengine baadaye. Kisha piga 116, namba ya bure ya kutoa taarifa za ukatili dhidi ya watoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Nesi wa kliniki ya mtoto ni mlango mwingine mzuri, na mara nyingi wa karibu zaidi.

Siri za serikali nitazipitia haraka. Ukikuta karatasi yenye muhuri wa SIRI imesahaulika kwenye mashine, usiendelee kusoma na usiipige picha "kwa usalama". Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ina vifungo virefu kwa anayepokea au kusambaza nyaraka za aina hiyo. Ifunike, iweke kwenye bahasha, mrudishie aliyeiacha au ipeleke masjala ya ofisi husika, na ukumbuke nani aliipokea. Basi.

Yanayobaki ni maovu: rushwa, kughushi, mitihani inayouzwa, mtu kuibiwa ardhi yake kwenye karatasi. Hayo mwenyewe ni yule anayeibiwa, hata kama amelala nyumbani hajui. Na hapa sheria haikuachii hiari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayejua kosa la jinai limetendwa, au linapangwa, atoe taarifa polisi au kwa mwenye mamlaka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inasema hivyo hivyo kuhusu kutoa taarifa TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani kukataa kuskani kunatosha, mikono yangu imebaki safi.

Hatua ya 3: Andika siku ile ile

Hii ndiyo hatua ninayoijutia. Chukua daftari, si simu, andika kabla hujalala. Usiandike hadithi, andika kama mtu anayejaza fomu. Mimi niliandika siku ya nne, na nilichoandika kilikuwa hiki: "Jamaa alikuja dukani anataka kughushi muhtasari wa kijiji." Mpelelezi aliposoma akaniuliza maswali kumi na moja. Niliyajibu matano.

Ilitakiwa iwe hivi: "Jumanne. Saa 1:50 asubuhi. Dukani kwangu. Mwanaume wa miaka kama 40, simjui jina, nimeshamwona mara tatu akija kufotokopi. Alisimama ng'ambo ya kaunta, hatua moja toka kwangu. Mlango wazi, jua limetoka, taa ya ndani inawaka. Alikaa kama dakika kumi na mbili. Alinipa karatasi mbili nikazishika. Alisema: sahihi za huu uzihamishie kwenye huu. Nilimjibu skana mbovu. Aliondoka na pikipiki nyekundu kuelekea barabara kuu. Hakuna mteja mwingine aliyekuwepo."

Umbali, mwanga, muda, na kama ulimjua kabla: sikuyatunga hayo. Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la 1980 iliyataja kama mambo ya kupimia ushahidi wa mtu anayesema "nilimwona", na mpaka leo wakili yeyote wa utetezi huanzia hapo. Ataongeza jingine: kwa nini hukumtaja mapema? Majaji wamesema mara nyingi kwamba anayetaja mtu mapema anaaminika zaidi, na anayechelewa lazima aeleze. Mimi nilieleza. Nilisema niliogopa. Ni kweli, lakini ukiwa kizimbani inasikika vibaya.

Kwenye ukurasa huo piga mistari upate safu tatu: nimeona, nimesikia, nahisi. Sheria ya Ushahidi inakutaka useme lile uliloliona kwa macho yako ikiwa ni la kuonekana, na ulilolisikia mwenyewe ikiwa ni la kusikika. "Nimeambiwa kwamba yeye huwa anafanya hivyo" haina nafasi. Kwangu safu ya "nahisi" ilijaa kuliko zote. Nilihisi mwenyekiti anahusika kwa sababu muhuri ulikuwepo. Muhuri niliuona, kuhusika sikukuona. Ukizitenganisha mapema, hutamchafua mtu asiye na hatia.

Hatua ya 4: Usijitengenezee ushahidi

Kama kitu kimefika mikononi mwako kihalali, kwa mfano mteja amekitumia kwenye simu ya duka, kiache kilivyo. Usikate picha, usiandike juu yake kwa rangi nyekundu, usiirushe kwa mtu ili akutunzie. Faili halisi kwenye kifaa halisi ndiyo yenye uzito. Kama hakijafika kwako, usikifuate. Kufungua barua pepe ya bosi kwa nywila uliyomchungulia ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na utajikuta unajibu kesi yako kabla ya kumtolea yeye ushahidi.

Hatua ya 5: Chagua sikio

Siku ya pili nilimwambia jirani yangu wa kibanda cha wakala wa pesa. Nilimwambia kwa sauti ya chini, nikamalizia "lakini isitoke hapa." Alikuwa mtu mwema. Yeye akamwambia mtu mwema mwingine.

Siku ya tatu jioni yule bwana alirudi. Hakuwa na hasira. Alikuja na soda mbili baridi, akanifungulia moja, akaiweka kwenye kaunta juu ya karatasi za mteja, ikaacha duara la maji. Akasema, "Kaka, nasikia skana yako imepona." Akanywa yake taratibu, akaniuliza watoto wanasoma wapi, akaaga.

Usiku ule sikulala, na asubuhi yake ndiyo siku ya nne, nikaenda polisi.

Kwa hiyo, masikio. Jirani, shemeji, grupu la WhatsApp la mtaa na kinyozi: hapana. Mke au mume: inategemea unaishi na nani. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ni watu wa maana sana kwa mambo mengi, lakini angalia kwanza kama muhuri wao haumo kwenye karatasi ile ile. Kama ni jinai ya kawaida, kituo cha polisi. Kama ni rushwa, ofisi ya TAKUKURU au 113, bure. Kama ni kazini kwako, mkubwa asiyehusika na jambo lenyewe. Kama hujui hata pa kuanzia, tafuta msaidizi wa kisheria. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inayowatambua, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.

Kuchagua sikio kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 inaficha jina lako na inakataza kufukuzwa kazi, kuhamishwa au kunyanyaswa kwa sababu ya taarifa uliyotoa kwa nia njema, ukiwa na sababu ya msingi ya kuiamini. Ila ulinzi huo unaifuata taarifa iliyokwenda kwa mamlaka husika. Ukiirusha mtandaoni kwanza, umeuacha mwavuli nyumbani.

Hatua ya 6: Kituoni, kisha mahakamani

Nenda mapema asubuhi, na daftari lako. Utaandikiwa maelezo, na utaombwa kusaini. Soma kabla ya kusaini. Kama husomi vizuri, omba usomewe taratibu, na kilichoandikwa sivyo kirekebishwe pale pale. Kwenye maelezo yangu "hatua moja" ilikuwa imegeuka "mita kumi". Niliomba ibadilishwe, askari akaguna, akabadilisha. Hizo mita tisa zingekuja kunisumbua sana. Omba namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni, iandike kwenye daftari. Mwambie pia mpelelezi kama umeshatishwa, hata kama kutishwa kwenyewe kulikuja na soda.

Usihofu kwamba uko peke yako. Sheria ya Ushahidi inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Mmoja anayeaminika anatosha. Wala usihofu Kiingereza: tangu mabadiliko ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili.

Wito ukija, nenda. Shauri litaahirishwa, pengine mara mbili tatu, na kila mara utafunga duka. Ukiitwa, jibu ulichoulizwa tu. "Sikumbuki" na "sikuona" ni majibu halali kabisa, nayo yanawaudhi mawakili kuliko hadithi ndefu. Ukiwa nje unasubiri, usizungumze ushahidi wako na shahidi mwingine.

Hatua ya 7: Siri uliyoamua kubaki nayo

Hapa nawasemea zaidi dada wa kazi, maana wao hulala nyumba moja na siri. Kama mwenye siri anajua umeona, ukimya wako unamtisha kuliko maneno. Mwambie mara moja, mkiwa wawili: "Mama, nililoliona jana limeishia kwangu." Usirudie. Usipokee zawadi baada ya hapo, hata vocha ya elfu mbili, kwa sababu siku mkikosana zawadi ile itaitwa ulimtoza. Na ukiona kila siku unaitwa kukumbushwa kwamba hukuona kitu, anza kutafuta kazi nyingine kimya kimya.

Kwangu dukani nimegeuza skrini, inatazama ukutani. Faili za wateja nazifuta jioni kabla ya kufunga. Ile ya mteja mwenye haraka naifuta mbele yake.

Siku ya shauri tuliketi nje, kwenye benchi la mbao, mimi na mzee mmoja mwenye shuka jeusi na fimbo. Alinisalimia, "Mbukwa." Nikaitikia. Nilitazama mkono wake ukiwa juu ya fimbo, nikalijua lile dole. Nilikuwa nimeshaambiwa tusizungumze, yeye nadhani hakuambiwa, au hakujali.

"Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiyo, babu."

Akanyamaza kitambo, anaangalia geti.

"Ile karatasi ya kisima walinisomea vizuri," akasema. "Kisima chenyewe hakijachimbwa mpaka leo."